Bomba Halijakaguliwa

Wajukuu, mume wangu aligoma kuvuta hewa mpaka ikaguliwe.

Ndiyo, hewa. Someni taratibu.

Ilikuwa lockdown ya korona ya 2021, watu wamefungiwa majumbani, hapa ugenini Lidcombe. Mzee Balthazar alishasahau mengi. Jina langu lilitangulia kuondoka.

Kila asubuhi alifungua mashine ya kufyonza vumbi, akachomoa lile bomba refu, akalisugua kwa kitambaa. Kwake ile ilikuwa SAR, bunduki yetu ya jeshini, JKT.

"Mwache," nikamwambia binti yetu Brigitha. "Mikono imepata kazi."

Nami namtegea:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Akikohoa, anajilisha mwenyewe."

"SAR!" Hakukosea hata siku moja.

Maana moshi wa risasi hupita kwenye bomba la gesi, ukasukuma pistoni, risasi nyingine ikaingia. Masizi yakijaa, inakwama. Ukipaka mafuta humo ndani ndiyo umeharibu kabisa, yanaungua yanaganda. Bomba lile unalifuta likauke, basi.

Korona ikamkuta. Midomo ikawa zambarau. Watu wa ambulensi wakaja, wamejifunika kama warina asali, na mpira wa oksijeni mkononi.

Mzee akaupiga kofi.

"Hilo bomba halijakaguliwa!"

Wakajaribu tena. Akamng'ata mmoja glovu.

"Mama, wanasema hawawezi kumlazimisha," Brigitha akalia. "Anakufa, Mama!"

Mimi sikulia. Sijui machozi yalikwenda wapi. Nikavua kanga kichwani, nikasimama wima.

"Kuruta Balthazar!"

Akakaa sawa kitandani.

"Ndiyo, afande!"

Brigitha akanikodolea macho. "Mama, afande ni nani?"

Hatukuwahi kuwaambia watoto. Kambini, mkufunzi wa silaha nilikuwa mimi, binti niliyeishia darasa la saba. Kuruta aliyepaka mafuta bombani alikuwa yeye, nikamkimbiza uwanja mzima.

Nikauchukua ule mpira, nikauchungulia kwenye mwanga wa dirisha.

"Kavu. Vaa."

Akavaa. Walipombeba, akanipigia saluti.

Hospitali wageni marufuku. Simu ililia nikiwa namenya viazi. Brigitha akapokea, akaniambia Mzee ametutoka. Nikamalizia kumenya.

Baadaye Honorine, nesi wa Kikongo aliyemhudumia, alitueleza kwamba Mzee hakuuvua ule mpira hata mara moja. Ila alimuuliza kila aliyeingia kama afande ameshafika.

Wajukuu, mtu wako akisahau jina lako, usinune. Muulize anamsubiri nani.

Huenda ni wewe.