Safari ya China ya Watu Wasiotazamana

Hadi mwaka ule tulipokwenda China, chakula chote nilichokula Columbus nilikila jikoni, nimesimama, mlango umefungwa. Columbus ndiko anakoishi mama mkwe wangu, kwa binti yake mkubwa. Sisi tunakaa Louisville, mtaa wa Beechmont, na kila tukipata wikendi ndefu tulipakia watoto garini na kwenda kumsalimia. Tukifika, mke wangu na watoto waliingia sebuleni. Mimi nilisalimia kutoka mlangoni, macho sakafuni, kisha nikazunguka kwa nyuma.

Msidhani tulikuwa tumegombana. Ni heshima. Kwetu, kwenye milima ya juu ya Kivu Kusini, mwanamume na mama wa mke wake hawali wakionana, hawagusani, wala hawatazamani usoni. Akipita kwenye korido, mimi nageukia ukuta. Watoto wangu, waliozaliwa Kentucky, waliona huo ni mchezo wa kujificha, wakawa wananitangazia kwa Kiingereza, kwa sauti ya nyumba nzima, kwamba Bibi ameshapita na sasa naweza kutoka.

Katikati ya miaka ile daktari wa macho alimwambia mama mkwe kwamba ana presha ya macho na kwamba imeshaharibu mengi. Dawa zingechelewesha tu. Alibaki akiona kile kilicho mbele yake moja kwa moja, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilizidi kuwa jembamba. Watoto wake walilia kwenye simu. Yeye hakulia. Alisema ana haja moja tu: kabla giza halijaingia auone mlima wa kweli, wenye ng'ombe wanaolisha juu ya mawingu.

Nyumbani kulikuwa na vita, kwa hiyo huko hakuna aliyethubutu kumpeleka. Tulijaribu mashariki ya Kentucky. Tulimweka kiti cha mbele, mke wangu akaendesha siku nzima, mimi nikajikunja nyuma na watoto, tukasimama pahali pa kutazamia mandhari. Alitazama kwa adabu, akamwambia binti yake kwamba haya ni matuta mazuri, angeyapanda viazi. Basi mwanawe wa mwisho, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule Amherst, karibu na Buffalo, akaonyeshwa picha na mwanafunzi mwenzake, mzaliwa wa kusini magharibi ya China. Ilikuwa mteremko wa majani mafupi, ukungu chini yake, na ng'ombe weusi wenye manyoya kama mablanketi. Aliituma kwenye simu ya dada yake. Mama mkwe aliisogeza picha hadi karibu na pua, kisha akasema neno moja: "Huko."

Yule mwanafunzi alikuwa na binamu yake anayetembeza wageni wachache wachache kwa gari la binafsi, kwa hiyo mambo yakaenda haraka. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa, hakuruhusiwa kupanda ndege. Shemeji wa Columbus, yule binti mkubwa, bado alikuwa anasubiri karatasi zake. Ikapangwa kwamba kijana wa Amherst aende na mama yake, na mimi niwe nyuma yao nikibeba mizigo. Nilifurahi kama mtoto. Kwenye ghala ninakofanya kazi niliwaaga watu wote, hata wale wa zamu ambayo siijui.

Tulikutana Amherst ili turuke kutoka Buffalo. Nilimchukua mama mkwe kule Columbus, yeye kiti cha nyuma, shuka limetundikwa katikati yetu. Redio ya nyimbo za dini ndiyo iliyotusemea njia nzima. Tulipofika, kijana alitukalisha, mama yake sebuleni na mimi jikoni, akasimama mlangoni katikati yetu kama askari wa barabarani, na kutuambia kwamba maprofesa wake wamehamisha mtihani wake mkubwa. Umeangukia wiki ileile. Haendi.

Mimi nilikuwa nimeshika kijiko na sikujua nikipeleke wapi. Watu wawili wasioweza kutazamana, siku kumi na mbili, gari moja, meza moja. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumpigia mke wangu kwamba safari imekufa, ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka sebuleni, imetulia kabisa, na Kifaransa chake cha kuchomekea.

"Bon. Mungu ndiye atakaa katikati yetu. Tutaenda."

Mungu alikaa katikati yetu kwenye ndege tatu. Kule Kunming tulipokewa na mtembezaji wetu, yule binamu wa mwanafunzi, dada kijana mchangamfu mwenye kofia pana, na dereva aliyependa kuimba. Mtembezaji alizungumza Kiingereza, mimi nikakigeuza Kiswahili na kukielekeza kwenye dirisha, ili kimfikie mama mkwe kwa kupita pembeni. Asubuhi ya kwanza alitupeleka kwenye bustani ambako wazee wa mji hucheza ngoma kwa safu, redio imewekwa chini. Mama mkwe alisimama, akatazama miguu ya bibi aliyekuwa mbele yake, na kabla sijajua kinachoendelea alikuwa ndani ya safu, kitenge chake kikipepea, anageuka kushoto wakati wengine wanageuka kulia. Wale wazee walimpenda papo hapo. Walipanga foleni ya kupiga picha naye. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, kwa sababu kwetu hata kicheko cha mama mkwe hukisikii ila kwa kupitia ukuta. Kumbe anacheka kwa sauti nene, na anapiga mapaja.

Taabu ilianza mchana, mezani. Wenzetu wale hula kwenye meza ya duara yenye sinia ya kioo inayozunguka katikati, kila mtu anachota sahani ileile. Mtembezaji alituketisha uso kwa uso, akazungusha samaki hadi kwangu, uyoga hadi kwa mama mkwe, akatungoja. Mama mkwe alijifunika kitenge hadi kichwani. Mimi nilisema nimefunga kwa maombi. Siku ya pili nikasema tumbo. Siku ya tatu dada wa watu alikuwa ameninunulia dawa ya majani, chungu kuliko kwinini, na uji wa mchele usio na chumvi. Nilikuwa nakula kwa siri nyuma ya gari, mikate laini ya mvuke yenye nyama ndani, na dereva akinilindia kona. Yule bwana hakuuliza kitu. Nadhani aliona ni ugonjwa wa Kiafrika.

Tulipita Dali, kwenye ziwa linalong'aa chini ya milima, tukapita Lijiang, ambako maji safi yanapita mbele ya kila mlango na maua yananing'inia kwenye mapaa. Nilikuwa nimeshiba macho, tumbo likilia. Mama mkwe aliona kipande kimoja kimoja kupitia bomba lake: mkono wa mwanamke anayesuka, jicho la farasi, daraja. Kwa kuwa vilivyo pembeni haviingii, nilizoea kutembea hatua mbili nyuma yake na kusema, bila kumwelekeza yeye hasa, kwamba kushoto kuna bata, kulia kuna ngazi, tahadhari. Akawa anageuza kichwa pale niliposema. Hivyo, kwa siku zile chache, tulizungumza mengi kuliko tulivyozungumza maisha yetu yote.

Mtembezaji, kumbe, alikuwa ametuwekea hesabu yake moyoni. Aliona watu wasioketi pamoja, wasiotazamana, mmoja anasusa chakula. Akaamua tumekosana vibaya, na kwa wema wake akajipa kazi ya kutupatanisha. Kwenye mlima mmoja watu hupandishwa kwa visanduku vya kioo vinavyovutwa na waya. Akatusukuma wawili ndani ya kimoja, akafunga mlango, akatupungia mkono akiwa nje, ametabasamu hadi masikioni. Tukapaa, magoti yetu yakikaribia kugusana. Mimi niligeukia bonde. Mama mkwe aligeukia mlima, akaomba kwa sauti, zaburi moja baada ya nyingine, hadi juu. Alipoishiwa na zaburi alianza upya.

Tuliposhuka nilimweleza yule dada ukweli. Alifunika mdomo kwa mikono miwili, akaniomba radhi, halafu akacheka hadi akakaa kwenye jiwe, nami nikacheka naye. Jioni ile niliwekewa meza yangu nyuma ya pazia, nikala wali sahani nne.

Siku iliyofuata tulipanda kwenye nyanda za juu kabisa. Wageni wengine walikuwa wanavuta hewa kutoka kwenye makopo wanayouziwa njiani, na mimi, mzaliwa wa milimani niliyeharibiwa na ghala la Louisville, nilinunua langu. Mama mkwe alilisukuma pembeni. Alivuta pumzi, akasema hewa ndiyo hii, ile nyingine tuliyokuwa nayo miaka hii ilikuwa ya kukopa.

Na pale walikuwepo, juu ya ukungu, ng'ombe weusi wa manyoya, kengele shingoni. Mtembezaji aliwaita yaki. Mama mkwe alivua viatu. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe mmoja jike, akamnong'oneza majina ya sifa tunayowapa ng'ombe wetu, akamwekea kiganja ubavuni. Mwenye ng'ombe, bibi wa umri wake mwenye mashavu mekundu ya baridi, alimtazama kidogo, akaleta kigoda na ndoo. Wakamkamua pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Mimi nilisimama mbali nikilia waziwazi, na sikuona aibu.

Yule bibi alichemsha maziwa kwenye jiko la kuni, akamkabidhi mama mkwe bakuli. Mama mkwe hakunywa. Alimwambia mtembezaji, kwa kupitia mimi na dirisha ambalo sasa halikuwepo, amwombe mwenye ng'ombe asimame hapa awe shahidi. Hapo nikaelewa. Kwetu ile haya ya ukwe ina mwisho wake. Mama wa mke, mbele ya wazee, humpa mkwe maziwa kwa mkono wake, na akishayanywa wanaweza kuonana kama mama na mwana. Mimi na mke wangu tulioana kwenye kambi ya wakimbizi, Burundi. Wazee walikuwa wametawanyika, wengine wamekufa, na ng'ombe hakuna hata wa kuota. Hatukufanyiwa.

Alininyooshea bakuli kwa mikono miwili.

"Kunywa, mutoto yangu. Macho yangu iko inafunga. Nilikuja kuona mulima, mulima nimeiona. Nataka nikuone na wewe."

Nikanywa. Yalikuwa na harufu ya moshi, mazito, matamu, na niliyamaliza mbele yake hadi tone la mwisho. Yule bibi shahidi alipiga makofi bila kuambiwa. Kisha mama mkwe akanishika kidevu, akanigeuza polepole hadi nikaingia sawasawa mahali anapoona. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama. Macho yake ni ya mke wangu kabisa, ila yamefifia, na yalikuwa yananipitia kipande kipande, paji, nyusi, ndevu, kama mtu anayehesabu mali yake.

"Miaka yote hii niko naangalia viatu yako tu," alisema. Kidole chake kikasimama puani pangu. "Donc hii mapua ya wajukuu yangu inatoka kwako. Na mimi niko naitafuta kwa babu zangu."

Sasa haoni tena kabisa. Tukienda Columbus naketi mezani, kiti cha pembeni yake, naye ananiongezea ugali bila kuuliza na kunisema kwamba nakula kama mtu anayekimbizwa. Na akija mgeni ambaye hajanifahamu, anamweleza sura yangu yote, paji, nyusi, ndevu, na haikosei hata kidogo, isipokuwa pua, ambayo kila mwaka anaikuza.