Maktaba ya Hesabu na Shamba la Mjomba

Kompyuta ile ililetwa Kilifi kwa lori, ndani ya kasha la mbao, na mkuu wa kituo chetu cha maji akapiga picha nayo kabla haijafunguliwa. Tuliihifadhi katika chumba kilichokuwa stoo ya chupa za sampuli za maji. Chumba kilikuwa bado kikinuka dawa, na kiyoyozi kilichofungwa kwa haraka kilidondosha maji ndani ya ndoo, ikawa kila asubuhi mtu wa kwanza kufika anamwaga ndoo.

Mimi nilikuwa msichana wa Mambrui aliyesomea hisabati, na kazi yangu pale kituoni ilikuwa mto Sabaki. Mvua ikinyesha kiasi fulani huko bara, maji yatafika wapi huku kwetu, na shamba la nani litazama? Kwa kompyuta ndogo tuliyokuwa nayo, swali moja lilichukua muda mrefu mno. Mafuriko yenyewe yangekuja na kuondoka kabla sijapata jibu. Hii mpya ilikuwa na prosesa nyingi, bongo nyingi ndani ya kichwa kimoja. Kazi moja ingegawanywa vipande, kila prosesa ichukue chake, kisha majibu yakusanywe. Nilipoambiwa ni mimi nitakayeitayarisha, nilimpigia mama simu, naye akanisomea dua.

Mashine ya namna ile ukiinunua haijui mengi. Lazima iwekewe maktaba ya hesabu. Maktaba hiyo haina vitabu. Ni mkusanyiko wa programu fupi zilizoandikwa na wajuzi wa nchi mbalimbali, kila moja ikiwa na kazi yake: hii yatatua milinganyo, ile yajumlisha safu za namba. Ukishaiweka, huna haja ya kuandika kila kitu upya. Unaita tu programu unayoitaka. Lakini huwezi kuichukua ikiwa tayari. Unaijenga upya juu ya mashine yako mwenyewe, kwa kufuata maelekezo, halafu unaipa majaribio ambayo majibu yake yanajulikana, uone kama itajibu sawa.

Kujenga hakukuwa na shida sana. Iligoma mara kadhaa, nikasoma makosa yake, nikarekebisha, ikakubali. Nilifurahi, nikaenda kununua mahamri kwa ajili ya ofisi nzima. Nikaanza majaribio.

Prosesa moja ikifanya kazi peke yake, majibu yalikuwa sahihi. Nilipoziwasha zote, majibu yalikuja upesi ajabu, na mengine hayakuwa sahihi. Nikarudia jaribio lile lile, namba zile zile. Jibu likawa jingine. Nikarudia tena, likawa jingine tena. Tofauti ndogo mwishoni mwa namba ni jambo la kawaida katika mashine za namna ile, hilo nalijua. Hizi hazikuwa ndogo. Katika hesabu ya mto, kwenye kona moja karibu na Mambrui, maji mara yalipanda mpaka mashambani, mara yalibaki mkondoni kama mto wa kiangazi.

Nilikwenda kwa mkuu.

"Mashine inafanya kazi?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Inafanya, lakini majibu si ya kuaminika. Maktaba haijakaa sawa."

"Inatoa majibu au haitoi?"

"Inatoa. Kila mara jibu lake."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na watu walimpenda kwa hilo. Nikajaribu kumweleza kwa mfano. Nikamwambia harusini kwetu wapishi ni wengi, na pilau huiva upesi kwa sababu hiyo. Lakini kama hawasikizani, huyu atie chumvi kwenye sufuria, na yule naye apite atie chumvi kwenye sufuria ile ile, wageni hawataweza kula. Prosesa zetu, nikasema, nahisi zinaandika majibu yao mahali pamoja, moja ikifuta ya mwenzake.

"Basi punguza wapishi," akasema.

"Ndilo nililotaka kuomba. Tutumie prosesa moja kwa sasa. Itakwenda polepole, lakini ramani ya mafuriko itakuwa ya kweli. Kwa hizo nyingine, nipe muda nitafute kosa."

Hapo kicheko kikaisha. Wafadhili walikuwa wanakuja kuizindua, akaniambia, na hawakutoa mashine ya prosesa nyingi waje kuona moja ikijikokota. Alitaka ramani itoke mbele yao, kwenye skrini kubwa, wakiwa wamekaa. Nikamwambia sitaweza kusema ramani ile ni sahihi. Akaniambia hakuna aliyeniomba niseme.

Kesho yake nikasikia ameita mtaalamu kutoka Nairobi.

Mtaalamu alikuja na begi la mgongoni na adabu nzuri. Sikumchukia. Nilimwonyesha majaribio yaliyoshindwa, akayatazama akitikisa kichwa, akasema maktaba hizi zina majaribio makali kupita kiasi, na kwamba nusu ya wanaozitumia duniani hawayaendeshi kabisa. Akaijenga upya, akaruka majaribio, akawasha prosesa zote. Ikatoa ramani. Ilikuwa ramani nzuri kwa macho, bluu ikiufuata mto kama utepe, na kijani kibichi pande zote mbili.

"Imekubali," alisema.

"Imekubali nini?" nikamuuliza. Alikuwa ameshaanza kukunja waya zake.

Siku ya uzinduzi palikuwa na hema, pilau na ngoma. Mimi nilipangiwa kugawa maji ya chupa. Niliyagawa kiti kwa kiti, nikiwasalimu wageni, na mkuu alipofika kwenye shukrani alimtaja mtaalamu, akataja wafadhili, akataja hata aliyefunga kiyoyozi. Ramani ikatoka kwenye skrini, watu wakapiga makofi. Ile kona karibu na Mambrui ilikuwa kijani, rangi ya pasipofika maji.

Pale konani ndipo lilipokuwa shamba la mjomba wangu.

Mjomba ni kaka yake mama, mtu wa maneno machache, aliyenilipia sketi yangu ya kwanza ya shule na kunipeleka mwenyewe hadi mlangoni. Shamba lake lilikuwa bondeni, ardhi nyeusi ya mto, na alilima mahindi, pojo na ndizi. Alikuwa pia na sehemu nyingine juu, ya mchanga, isiyozaa vizuri lakini isiyofikiwa na maji. Mwaka ule alikuwa akisitasita. Wazee wenzake walisema mvua zitakuwa kubwa. Alikuwa ameshaanza kusafisha ile ya juu, ahamishe mbegu na ng'ombe kabla ya masika.

Ramani ikapelekwa kwa maofisa wa kilimo, nao wakaipeleka vijijini. Ikabandikwa ukutani kwa chifu. Niliposikia, nilimpigia mjomba siku ile ile.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ramani yenu tumeiona. Watu wanakusifu huku."

"Mjomba, si yangu. Na pale kwako imekosea. Usipande bondeni mwaka huu, nakuomba."

"Ofisi yenu yasema salama. Wewe mtu wa ofisi hiyo hiyo wasema si salama. Nimsikize nani?"

"Nisikize mimi."

"Haya," akasema. "Haya, mwanangu. Nimesikia."

Nami nilitulia. Nilidhani yamekwisha.

Mjomba alikuwa mtu mwangalifu, na kwa uangalifu wake akamwendea ofisa wa kilimo, akamwuliza kwa nini binti yake anayefanya kazi pale anasema vingine. Ofisa naye, kwa uangalifu wake, akapiga simu kituoni. Ikapokewa na mkuu. Haya nilikuja kuambiwa na ofisa mwenyewe baadaye, akiwa ameinamisha macho. Mkuu alimwambia: yule dada alipewa kazi ikamshinda, akaletwa mwanamume akaimaliza, sasa ana kinyongo. Ndivyo alivyomwambia, na kicheko juu yake.

Ofisa akamfikishia mjomba maneno yale, labda akiyalainisha. Mjomba hakunipigia. Nadhani aliona haya kwa niaba yangu. Akaacha kusafisha shamba la juu, akapanda bondeni kila mbegu aliyokuwa nayo, na ng'ombe akawafunga kule kule kwenye majani mazuri.

Mvua zilinyesha bara, kwetu palikuwa na jua. Mto ulikuja asubuhi ukiwa mwekundu, na kufikia adhuhuri kona yote ilikuwa maji. Watu walitoka salama, alhamdulillahi. Mjomba alijaribu kuwafungua ng'ombe, alimwahi mmoja. Mashine yake ya kupandisha maji iliondoka na kibanda chake. Maji yalipokauka, ardhi nyeusi ilikuwa imefunikwa mchanga wa mto kufika magotini, na katika mchanga ule vilele vya migomba vilichomoza vikiwa vimekauka.

Nilikwenda Mambrui. Nyumba ilikuwa imejaa jamaa kama msibani. Mjomba alikuwa amekaa barazani, miguu imekwaruzwa hadi mapajani. Nikamsalimu, akaitikia. Shangazi mmoja akasema, si kwa kunong'ona, "Kompyuta zao hizo." Mama akaniangalia, kisha akaangalia chini.

Nikasema, "Mjomba, nilikwambia."

Sikupaswa kusema hivyo mbele ya watu, lakini lilikuwa kweli, na ndilo neno pekee nililokuwa nalo.

"Uliniambia," akasema. "Uliniambia kama mtu anayeambia siri. Wao waliniambia kama watu wenye hakika."

Hakika yao ilitoka kwenye mashine iliyokuwa ikibahatisha, na shaka yangu ilitoka kwenye ujuzi. Lakini kwenye simu, shaka husikika kama shaka.

Baada ya hapo mkuu aliniita, akafunga mlango. Hakutaja mafuriko moja kwa moja. Alisema tu kwamba mtaalamu hapatikani, na kwamba ingekuwa vyema kama ningeitazama ile maktaba tena, polepole, bila kulifanya jambo kubwa. Nilifikiria kukataa. Nilitembea hadi Kibarani nilikopanga chumba, nikiitunga barua ya kuacha kazi kichwani, na nilipofika nikaona sitaiandika. Kulikuwa na mashamba mengine kwenye mto ule.

Kosa nililipata ndani ya wiki ile. Baadhi ya zile programu fupi ziliandikwa zamani, wakati mashine zilikuwa na prosesa moja, na zilitumia sehemu moja ya kumbukumbu kuwekea hesabu zao za katikati. Zikiitwa na prosesa nyingi kwa pamoja, zote ziliandika pale pale. Toleo jipya la maktaba lilikuwa limeshalirekebisha. Kila prosesa ilipewa mahali pake. Maelekezo yalilisema wazi kwa yeyote mwenye nia ya kuyasoma. Nikalijenga toleo jipya, nikaendesha majaribio yote, moja baada ya jingine, nikayatazama yakipita. Prosesa moja au zote, jibu likawa lile lile.

Kisha nikaingiza mvua za mwaka ule. Jibu lilitoka haraka kuliko unavyoweza kunywa kikombe cha chai. Kona karibu na Mambrui ikawa bluu tupu, mpaka mpakani mwa shamba la juu la mjomba, pale pale maji yalipoishia.

Mkuu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Umeona?" alisema. "Mashine haikuwa na tatizo lolote."

Akanipiga bega kidogo, akaondoka. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo, akahamia ofisi kubwa. Ramani ya zamani haikuwahi kukanushwa. Ilibandikwa tu mpya juu yake, na aliyekuwa hajui asingejua.

Mjomba hakurudi bondeni. Mkewe ana jamaa huko Adu, kwenye ardhi kavu, na huko wakapewa mahali pa kulima mihogo na kunde. Nilikwenda kuwatembelea nikiwa na sukari, unga na kanga ya mkewe. Walinipokea vizuri mno. Mkeka mpya ulitandikwa, kuku akachinjwa, na mjomba akamwambia jirani aliyepita, "Tuna mgeni kutoka Kilifi." Mgeni. Mtu aliyenishika mkono hadi mlango wa shule.

Baada ya kula nilimwambia kwamba sasa hesabu zimekaa sawa, kwamba akitaka kurudi Mambrui naweza kumwonyesha, mwaka hadi mwaka, ni lini bonde ni salama na lini si salama. Nilisema kwa sauti ya hakika. Nilikuwa nimejifunza.

Alinisikiliza hadi mwisho, akichambua kunde kwenye ungo, akitupa zilizotobolewa.

"Ni vizuri," alisema. "Wafaidi wengine." Akapuliza maganda yakaruka. "Mimi huku nilikuja kwa sababu hakuna mto."

Mkewe akaleta maji ya kunawa. Jua lilikuwa bado kali nilipoaga, nao walinisindikiza hadi barabarani, kama wageni wanavyosindikizwa.