Chumba Kilichotoka Kichuguuni

Juzi fundi niliyemwita kupanua nyumba yangu hapa Lubumbashi alipiga jembe lake la kwanza kwenye kichuguu kilicho nyuma ya jiko, na harufu ikatoka. Kama hukukulia Katanga sijui nikuelezeje. Ni harufu ya udongo mwekundu uliofungiwa miaka mingi, ina uchachu kidogo na uyoga kwa mbali, na ukiivuta puani unatamani kuulamba huo udongo. Wanawake waliowahi kubeba mimba watanielewa. Fundi aliniuliza swali, nami nikasahau kumjibu. Nilikuwa nimesharudi Likasi, nina miaka tisa, tope limenifika magotini, na Baba ananifokea kwa sababu nimepita ukutani.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa majivu.

Tuliishi katika nyumba ya kampuni, mojawapo ya zile zilizojengwa safu kwa safu na kufanana kabisa, hata mlevi wa Jumamosi aliweza kuingia kwa jirani na kuvua viatu kabla hajashtuka. Vyumba viwili, sebule, na jiko la nje. Zamani, Baba alisema, hata kugongomelea msumari wa kutundikia msalaba ilibidi uombe ruhusa. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya tisini, na kiwanda kilikuwa kinakata roho taratibu. King'ora cha kuita zamu kililia siku kikipenda. Baba bado alivaa buti zake kila asubuhi, akaenda, akakuta mashine zimelala, akarudi kabla jua halijawa kali. Mshahara nao ulikuja ulipojisikia. Ruhusa ya kujenga ungemwomba nani? Mkubwa wa kambi mwenyewe alishafanya gereji yake kuwa zizi la mbuzi.

Katika nyumba hiyo akaja Mama mdogo Béatrice, mdogo wake Mama, kutoka Kambove. Mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa, naye akaja na godoro lililofungwa juu ya baiskeli na watoto wawili: Mado, umri wangu, na Didier aliyekuwa na miaka mitano. Walilala sebuleni. Asubuhi mtu akitaka kwenda jikoni aliruka miguu, vichwa na sufuria. Haikupita muda Mado akahamia kitandani kwangu, kichwa chake kwenye miguu yangu na changu kwenye miguu yake. Nilikuwa na wadogo wa kiume tu, watu wa kelele na kamasi. Mado alijua kupiga mluzi kupitia pengo la jino lake, alijua kusuka, na alinisikiliza nikisema. Nilimpenda kama mtu anavyopenda kitu alichokiomba kwa Mungu akapewa kweli.

Mwanzo wa kiangazi, matanga yalipokwisha, akaja Papa Gaspard. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa Kapolowe, mtu wa koti hata kwenye joto. Kwa desturi, neno la mwisho juu ya watoto wa ndugu yake lilikuwa lake. Aliketi, akalitazama godoro lililokunjwa pembeni, akajikohoza.

"Shemeki," akamwambia Baba, "minye siko muntu mubaya. Lakini batoto ba ndugu yangu habawezi kulala mu salon kila siku, chini ya miguu ya bageni. Didier nitaenda naye ku Kapolowe. Mado ataenda kwa shangazi yake ku Kolwezi."

Machozi yalikuwa yanamdondokea Mama mdogo kwenye mikono, naye anaendelea kuchambua mboga ambazo zilishachambuliwa.

"Tutajenga chumba," Baba akasema.

Mama akageuka kumtazama. "Na nini?"

"Na kichuguu."

Papa Gaspard akafikiri. "Sawa. Nitarudia mbele ya mvula kuanza. Nikikuta chumba, batoto banabakia na mama yabo. Nikikuta paka maneno, maneno matupu, naenda nabo."

Basi mimi na Mado tukajua kwamba urafiki wetu wote unategemea mvula na udongo.

Niwaambie kuhusu hicho kichuguu. Kilisimama nyuma ya nyumba, kirefu kupita bati, kipana kiasi cha kula nusu ya uwanja. Kampuni ilikikuta pale ikajenga kandokando yake. Kwetu hakuna udongo wa matofali unaoupita wa kichuguu. Kila mtu anajua. Ukikibomoa umepata matofali, na pale kilipokuwa umepata kiwanja. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya Baba, na alijisifu nayo kana kwamba kichuguu amekibuni yeye.

Ila kichuguu kilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa Mama. Kila mvula za kwanza kumbikumbi walitoka humo kwa maelfu. Sisi tunawaita inswa. Mama alikuwa amewachimbia vishimo pembeni, akavifunika majani, na aliwakusanya kwa mabeseni. Aliwakaanga bila mafuta maana wana mafuta yao, akatia chumvi, wengine akawakausha wakatufikisha mbali katika masika. Miezi ile mshahara ulipopotea kabisa, bukari yetu, ugali wa huku, tuliila kwa inswa au tuliila tupu.

Yeye na Baba wakagombana, wakanuniana, halafu wakakigawa. Upande wa nyumba ukawa wa Baba, upande wa uani ukawa wa Mama, na Baba akapiga mstari wa chokaa katikati. Sijawahi kuona tena mlima wenye mpaka ndani ya ua wa watu.

Kisha ikaja kazi ya kupanga, na hapo ndipo nyumba yetu ilipochangamka. Baba alichora chumba kwa makaa kwenye ukuta wa nyuma, na kila mtu akaongeza lake. Mama mdogo aliomba mlango wenye kufuli tu. Mama akaomba kabati ndani ya ukuta la kuwekea unga. Didier akataka ghorofa. Dirisha likawa kesi: Mado alilitaka upande wa mashariki, jua limwamshe, Mama akasema mvula zetu zinapiga huko huko, mtaamka mmelowa. Kesi haikuisha, Baba akaacha dirisha bila kulichora.

Mchoro ulipomridhisha, akauhamishia chini. Alichukua majivu jikoni, akafunga kamba kwenye vijiti, akamwaga mistari. Kuta tatu, ya nne ikiwa ya nyumba yenyewe, na nafasi ya mlango. Kona moja ya chumba iliangukia kwenye kichuguu, kwa hiyo mstari ukapanda mlimani ukashuka. Tukawa na chumba chenye kilima ndani, na mimi na Mado tukakifanya kiti cha wageni.

Baba akatoa amri: huku ni nyumbani kwa watu, hakuna kupita ukutani.

"Pita mu mulango!" alikuwa anapaza sauti kutoka popote alipo.

"Lakini Papa, ukuta iko wapi?"

"Njo hii, hii ya majivu. Hauone?"

Tulicheka, kisha tukazoea. Baada ya muda hata kuku alifukuzwa kwa kukosa adabu. Jirani yetu Mama Jeanne alikuja kuazima chumvi, akasimama kwenye lile pengo la majivu, akapiga hodi akiwa ametutazama sote machoni. Mama mdogo akamkaribisha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje kwetu nimsikie akimkaribisha mtu kwake.

Kiangazi chote tulifyatua matofali. Baba alichimba upande wake, sisi tukateka maji, tukakanyaga udongo kwa miguu, Mama mdogo akajaza udongo kibao cha kufyatulia na kukigonga chini, pu, pu, tangu asubuhi. Tofali zikakauka, zikapangwa tanuru, zikachomwa kwa magogo, na ua mzima ukanuka moshi na mkate ulioungua. Ilipofunguliwa, za katikati zilikuwa nyekundu na zinalia ukizigonga; za nje zilikuwa mbichi bado, zikavunjika mkononi. Isitoshe, kila mtu alipoomba lake Baba alikuwa anaisogeza kamba kidogo. Hivyo chumba kilikua na tofali hazikukua. Kuta zikafika kifuani kwangu, zikaisha.

Upande wa Baba wa kichuguu ulikuwa umekwisha pia. Wa Mama ulisimama pale mzima, na hakuna aliyethubutu kuutazama. Joto likaja, mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Kambove. Mado akaacha kupiga mluzi.

Papa Gaspard alifika asubuhi moja ya Oktoba, koti mwilini, gunia la mahindi nyuma ya baiskeli. Alitukuta sote ndani ya chumba kisicho na bati, maana ndipo tulipozoea kukaa. Kuta zilimfika kiunoni. Alikuwa anatuona wote, nasi tunamwona, na alikuwa ameshika ukuta kwa mikono na kunyanyua mguu ili avuke.

"Papa mukubwa!" Didier akapiga kelele. "Pita mu mulango!"

Mguu ukarudi chini. Akazunguka na koti lake mpaka kwenye nafasi ya mlango, akasimama.

"Hodi."

"Karibu," akajibu Mado.

Akaingia, akapewa kigoda. Akatazama juu, mbinguni.

"Chumba haiko," akasema polepole.

"Iko," Baba akasema. "Haiyaisha bado."

"Matofali imeisha?"

Jibu lilikuwa limesimama uani, refu kuliko sisi sote, lakini halikuwa la Baba kulitoa. Nilimshika Mado mkono, naye akaubana mpaka ukaniuma.

Mama akainuka. Akatoka kwa mlango, akachukua jembe, akapanda upande wake wa kichuguu na kupiga. Bonge la kwanza likabiringika, likaangukia vishimo vyake na kuvifukia, naye akapiga tena. Mimi nilidhani amekasirika, kwamba maneno ya Papa Gaspard yamemchosha. Niliona tu udongo unashuka na nikafurahi.

Papa Gaspard alimtazama. Kisha akazitazama kuta, moja baada ya nyingine.

"Na dirisha," akauliza, "mutaiweka wapi?"

"Huku!" Mado akasema, na Mama kutoka juu ya kichuguu akasema "Kule!" kwa wakati mmoja, na Mama mdogo akacheka huku akilia, na Papa Gaspard akavua koti. Nilikuwa sijawahi kumwona bila koti. Alikuwa mwembamba kweli. Akalitundika ukutani, akakunja suruali, na akakaa nasi akikanyaga tope mpaka kazi ilipokwisha. Mvula haikutupa nafasi ya kuchoma tena, tukamalizia juu kwa tofali mbichi tukizifunika maturubai, na bati zikatoka kwenye banda la kuku na kwa Mama Jeanne. Dirisha liliwekwa mashariki. Watoto walibakia na mama yao.

Kila aliyepita alimshauri Baba jambo moja: chimba mpaka umpate malkia, yule mnene wa chini kabisa, la sivyo mchwa wataitoboa sakafu. Baba alichimba mpaka usawa wa ardhi, akaweka jembe chini.

"Mugongo inaniuma," akasema, akaanza kushindilia sakafu.

Mvula kubwa ya kwanza ilinyesha alasiri, ikaacha. Jua lilipotoka tukasikia Mado anapiga mayowe. Tukakimbia, kwa mlango, na kule kwenye kona ya chumba sakafu ilikuwa imepasuka, na inswa wanatoka, wanatoka, mabawa yamejaa chumba kizima, wengine kwenye nywele za Mado, wengine kwenye shuka. Mama alisimama kizingitini. Akaitazama kona, akamtazama Baba. Baba alikuwa anachunguza bati.

"Minye siyue kintu," akasema, kama mtu asiyejua kitu.

Mama akaenda kuleta beseni. Alikusanya akiwa amepiga magoti chini, akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka, na sisi tukafikiri anacheka kwa sababu ya nywele za Mado. Kila mwaka baada ya hapo tulivuna chumbani. Mama mdogo alikuwa anahamisha kitanda mvula zikikaribia, kama wengine wanavyoanua nguo.

Ilinichukua miaka mingi kujua nilichokiona. Mama hakuwa na hasira siku ile. Alikuwa amekibomoa chakula chetu cha masika mbele ya macho yetu ili Mado abaki, na hakutaka mtu amshukuru. Baba naye hakuwahi kuumwa mgongo maisha yake yote. Alimwachia Mama malkia wake chini ya sakafu aliyoihangaikia kiangazi kizima, akijua itapasuka. Hawakuwahi kulizungumza. Nakumbuka nyumba ile ilivyotubana, na bado nikiulizwa ni lini nimeishi kwa nafasi, jibu langu ni Likasi, mwaka ule.

Baba ameshatangulia. Mama amezeeka, na wiki ijayo Mado anamleta kutoka Likasi aje kukaa nami; ndiyo maana naongeza chumba. Fundi wangu, kijana mwenye heshima zake, alinisubiri mpaka nimemaliza kunusa udongo, akarudia swali lake.

"Mama, tuchimbe mpaka tumutoshe malkia inje? Tukimuacha, pavement yote ya chumba itapasuka."

"Umuache," nikamwambia.

Alinitazama kama anamtazama mtu mwenye homa. Nikamwambia kitanda tutakiweka mbali na kona.