Wanafunzi Wangu Wamekataa Kunitoa Chooni

Leo wanafunzi wangu mwenyewe wamekataa kunitoa chooni.

Ninafundisha ufundi wa kufuli hapa Galbet. Saa sita mchana, bati linachoma, kitasa cha choo kikagoma.

Nikaita. Darasa zima likaja na vifaa.

"Nani yuko ndani?" akauliza Hibo.

"Mimi, maalim wenu!"

"Kitambulisho yako iko wapi?"

Niwaeleze. Somo langu la kwanza ni kwamba fundi hafungui mlango bila kitambulisho na shahidi, maana hata mwizi hujiita mwenye nyumba.

"Kiko ofisini, kwenye koti. Shikeni funguo, nazipitisha chini ya mlango."

"Wallahi, hatuchukui funguo za ofisi kwa mtu hatujui."

Wakamwita mama wa chai awe shahidi.

"Sauti ni yake," akasema, "lakini uso sijaona."

Jasho linanitiririka, nikaanza kuwafafanulia tofauti kati ya shahidi wa sauti na shahidi wa macho, hoja baada ya hoja.

Nilipofika ya tatu, Hibo akasema:

"Ni yeye. Fungueni haraka, kabla hajafika ya nne."

Nimewapasisha wote. Kuna anayepinga?