Sura Isiyotajiwa Bei

Héritière alimjia Wanjohi akitafuta meza ya kulia. Wanjohi ni Mkenya anayeuza mitumba ya nyumbani katika bohari moja ughaibuni, karibu na Cedar-Riverside, na siku hizo alikuwa ametoka kununua vyombo vyote vya mzungu mmoja marehemu huko Golden Valley. Mama huyo Mkongo, anayeogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia huko Coon Rapids, aliigonga meza kwa vidole, akaikosoa miguu, akataja nusu ya bei. Wanjohi akaona amempata mtu anayejua soko.

Kisha mama akaziona ukutani sura zilizotoka kwa yule mzungu: nyuso za watu weusi, za plasta, na chini yake koleo la kupimia vichwa. Wanjohi alikuwa ameshaulizia. Zamani wataalamu wa kizungu walizunguka wakipima pua na mafuvu, wakawapanga watu kwa madaraja, nani ana akili, nani wa kubeba mizigo, wakaiita sayansi. Nyuma ya kila sura paliandikwa namba na kabila. Jina la mtu, hakuna.

“Huyu ni babu,” Héritière alisema polepole, kidole kwenye sura moja. “Ndiye aliyemzaa mama.”

“Mama, hiyo si ya kuweka sebuleni. Wageni watakimbia.”

“Mdomo huo wenye kovu ng'ombe aliupasua, kule kwetu Kabare. Walimlaza chini, wakamtia mirija puani apumue, wakammwagia plasta usoni. Alirudi hana nyusi. Walimlipa chumvi.”

“Pole. Haya, sema yako.”

Kimya. Wanjohi akataja bei yake mwenyewe. Kimya. Akaishusha.

“Hata soko la mitumba la Gikomba mtu hutaja kitu, mama.”

Héritière alilipia meza, akaenda zake.

Kimya hicho Wanjohi alikijua: mteja anakuacha uive kwanza, ushushe zaidi. Angerudi tu. Lakini Ijumaa akaja mkusanyaji wa vitu vya kale, akitaka sura zote au asichukue hata moja. Akauziwa.

Jumapili Héritière akaja moja kwa moja kutoka kanisani, pamoja na kaka yake Byamungu, aliyevaa suti na kubeba shuka jeupe.

“Zimeuzwa,” Wanjohi alisema. “Mbona hukutaja bei?”

“Papa, kwetu maiti hatajiwi bei. Ndugu wanakuja, wanapewa.”

“Si ungeniambia?”

“Nilikuambia ni babu.”

Hakulia. Byamungu alilikunja shuka lake upya, pembe kwa pembe, kama mtu aliyemaliza zamu.

Wanjohi alipata faida ambayo hajaipata tena, na hajutii hesabu yake. Wakongo wa kanisa lile hawakanyagi tena bohari yake. Héritière alimwomba kitu kimoja tu, naye akampa: jina la mji ambako babu yake ametundikwa.