Kompyuta ya Chumba cha Taa

Siku niliyoanza kazi ya kompyuta, mjini Shinyanga, nilipewa mkoba wa diski na kuonyeshwa korido. Kampuni ilikuwa ya kuchambua pamba. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mhasibu Mkuu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapo hapo na aliyekijua Kisukuma kuliko mimi niliyetoka Tinde. Idara ya TEHAMA haikuwepo. Kompyuta zilikaa chini ya uhasibu kwa sababu uhasibu ndio ulioziagiza. Nilimwamkia, akaniuliza kama nimekunywa chai, kisha akaniambia programu mpya ya mishahara iingie katika kila mashine ya jengo lile.

Vijana mnaoianza kazi hii leo hamjui kuingiza programu kulikuwaje. Ulimwomba mwenye meza asimame. Uliweka diski, ukabonyeza endelea, endelea, kubali, halafu ukangoja, naye amesimama nyuma yako akipumua. Mashine ya stoo ilikuwa na nyuzi za pamba ndani ya feni, kwa hiyo kabla ya programu ulianza na brashi ya rangi. Ukimaliza jengo zima, toleo jipya limeshatoka, unarudi mlango wa kwanza. Niliipenda kazi ile. Nilijua nani ana mgonjwa nyumbani na nani anajenga.

Baadaye nilihamia mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, ambao sitautaja jina. Huko kompyuta zilitapakaa: utawala, karakana, maabara ya sampuli, zahanati, mpaka kontena lililokuwa mbali karibu na lundo la mawe. Mkuu wa Kitengo aliyenipokea alikuwa mtu wa magari zaidi ya kompyuta, na chini yake tuliendelea na mikoba yetu, tofauti ikawa tu kwamba tulivaa kofia ngumu. Alipostaafu akaja Meneja wa Mifumo, kijana kwangu kwa umri, mtaratibu, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi. Yeye ndiye aliyetuletea usakinishaji wa mbali, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuupanga.

Nieleze kwa ufupi. Katika kila kompyuta unaweka programu ndogo inayoitwa wakala. Kazi yake ni kuiuliza seva, yaani kompyuta kuu, kila baada ya muda kama kuna agizo. Wewe, ukiwa mezani kwako, unaifunga programu unayotaka kuisambaza pamoja na majibu ya maswali yote ambayo zamani ulikuwa ukibonyeza kwa mkono. Hicho ndicho kifurushi. Kisha unachagua kundi la kompyuta na muda. Wakala anakichukua kifurushi, anasakinisha kimya kimya, na ikibidi anaiwasha mashine upya. Ugumu hauko kwenye kifurushi. Uko kwenye kundi na kwenye kule kuwasha upya, kwa sababu mashine inapozimika huwa kuna mtu mbele yake na kazi yake haijaisha.

Mwanzoni watu walishtuka. Bwana stoo aliona kompyuta ikijizima na kujiwasha yenyewe akang'oa waya wa umeme, akatuma ujumbe kwa walinzi kwamba kuna mwizi ndani ya kompyuta. Nilikwenda mwenyewe kumweleza. Alinisikiliza vizuri, akasema sawa mama, na wiki nzima akawa anaufunika uso wa kompyuta kwa gunia kila alipokwenda kula.

Mahali pa mwisho kuweka wakala palikuwa chumba cha taa, kwenye mlango wa mgodi wa chini ya ardhi. Hapo kila anayeshuka huchukua taa ya kofia kwenye ndoano yake na kugusisha kadi. Jina lake linatokea kwenye kompyuta. Akipanda juu anagusisha tena, jina linaondoka. Baruti haikulipuliwa mpaka majina yote yameondoka. Mtunza taa, Ngassa, mtu wa Buseresere mwenye sauti ya chini, alinieleza hayo huku akipangusa vioo vya taa, wala hakuwa na haraka. Niliporudi ofisini nikaiweka kompyuta yake katika kundi lake peke yake. Iliweza kupokea programu, lakini isiwashwe upya mpaka Ngassa akubali.

Ilikaa hivyo muda mrefu bila shida. Kisha kirusi kikaingia katika ofisi ya kampuni dada, na makao makuu wakaagiza kompyuta zote zipate kinga mpya mara moja. Nilisambaza. Kwenye taarifa, mgodi wetu ulionekana wote kijani isipokuwa kompyuta moja nyekundu, ile ya chumba cha taa, iliyokuwa ikingoja ruhusa. Meneja wa Mifumo alikuja mezani kwangu akaniambia niihamishe kwenye kundi la jumla.

Nilimweleza kwamba zamu ilikuwa karibu kubadilishana na watu walikuwa bado chini. Akasema makao makuu walikuwa wakimpigia simu kila saa na hawakutaka kusikia habari za chumba kimoja. Hakufoka. Alikuwa amechoka, macho mekundu.

"Bwana Meneja," nikamwambia, "mimi hapo siwezi kubonyeza."

Kisha akaniomba nimpishe kiti, akakaa, akaihamisha mwenyewe.

Nilipiga simu chumba cha taa, haikupokelewa. Nikatoka kwa miguu kuelekea mlango wa mgodi, na njia nzima nilikuwa nikifikiria ile mashine ilivyokuwa kuukuu. Nilipofika, uso wake ulikuwa mweusi. Ulipowaka tena, programu ya kadi haikufunguka kabisa. Ilikuwa haipatani na ile kinga.

Ngassa alikuwa ameshika redio. Nilikuta ameshamjulisha Msimamizi wa Zamu, naye ameshasimamisha ulipuaji, kama utaratibu wao unavyotaka.

"Mayu, kaa hapo," Ngassa akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ngoja tuhesabu ndoano."

Watu waliokuwa wakitoka walirudisha taa, na kila taa ilipokaa mahali pake Msimamizi wa Zamu aliita jina. Mimi nilikuwa napigana na kompyuta, naitoa ile kinga kwa mkono. Nyuma yangu kelele za zamu zilikuwa zikipungua, mpaka zikaisha. Ndoano moja ilibaki tupu.

Ilikuwa ya mpima ardhi mmoja, kijana wa Maganzo. Wakamwita kwenye redio hakujibu. Wenzake walisema walimwacha nyuma akikusanya vifaa vyake, wakadhani amepanda gari lililofuata. Wawili wakashuka kumtafuta. Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona Meneja wa Mifumo amesimama mlangoni, kofia ngumu mkononi badala ya kichwani. Sikujua alikuwa amefika tangu lini.

Kijana alitoka na wale wawili, mguu wa miwani yake umevunjika, redio yake imekufa betri. Alikuwa amekosa gari, akawa anapanda kwa miguu. Alishangaa kuona watu wote wale wakimtazama. Akauliza kama amefiwa. Ngassa alimpokea taa, akaitundika, akakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Asubuhi iliyofuata Meneja Mkuu wa mgodi alituita. Mbele yake palikuwa na taarifa ya seva, na agizo lile lilionekana limetoka mezani kwangu, kwa jina langu. Aliuliza nani aliyeitoa kompyuta ile kwenye kundi lake. Nilijua nitakachosema, lakini sikujua kama nitaaminiwa. Nilikuwa fundi, yeye meneja. Kabla sijafungua mdomo, Meneja wa Mifumo akasema, "Ni mimi. Mama Shija alikataa, nikakaa kwenye kiti chake."

Alipewa barua ya onyo. Siku chache baadaye alikwenda kwa Ngassa, akaomba ashushwe chini akaone, akarudi shati limejaa tope. Tangu hapo kila kundi la kompyuta likawa na mtu wake wa kuulizwa, na kila kifurushi kilianzia kwenye kompyuta ya Meneja mwenyewe. Ikivurugika, ivurugike kwake kwanza. Tuliifanya kazi hivyo miaka mingi, mpaka akahamishwa.

Sasa nimestaafu, niko Shinyanga na wajukuu. Nasikia siku hizi mtu anasambaza programu kwa simu akiwa Dar es Salaam, mashine zenyewe hajawahi kuziona. Sioni ubaya. Mimi mwenyewe nilichoka kubeba mkoba. Ila wanaonijia kuuliza huanza na seva, nami huwauliza kwanza nani amekaa mbele ya kila kompyuta.

Wiki niliyostaafu, Meneja yule alinipigia kunipongeza. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile, mbele ya Meneja Mkuu, kwa nini alisema ni yeye.

"Nilipokuwa nakuja pale mlangoni, Mama Shija, nilikuwa nimeshapanga maneno," akasema. "Kwamba mfumo ni wako, wewe ndiye uliyeupanga. Kisha yule kijana akatoka, akauliza kama amefiwa. Yale maneno sikuyapata tena."

Nikamuuliza watoto hawajambo, akaniambia hawajambo, mkubwa ameanza chuo.