Siku wamama wa Kilungu tulichagua namba gani iandikwe kwa vyondo vyetu

Wakuu, salamu kwenu wote huko mliko.

Kuna mdau aliuliza humu juzi kama atumie zile huduma za internet ambazo mtu anapiga namba ya kwao, halafu simu inaelekezwa mpaka kwako. Mwingine akamjibu ati hayo ni mambo ya town, watu wa mashambani hawawezi kuelewa.

Nimekaa na hiyo comment siku mbili nikijaribu kunyamaza. Imenishinda.

Mimi ni mama Mkamba wa Kilungu. Hiyo kitu sisi tuliijadili mwisho wa miaka ya tisini, tukiwa tumekaa kwa nyasi nje ya kanisa, na tukaamua. Nawapa venye ilikuwa, hata pale tulipojiaibisha. Asiyetaka kuamini aendelee na shughuli zake.

Iko hivi.

Tulikuwa na mwethya yetu ya wamama. Kwa wasiojua, mwethya ni watu wa kijiji kusaidiana kazi kwa zamu. Leo tunachimba matuta kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ukikosa kwa wenzako, kwako pia hawaji.

Baada ya shamba tulikuwa tunasuka vyondo, vile vikapu vya katani. Mimi nilikuwa secretary kwa sababu nilikuwa nimefika form four na mwandiko wangu unasomeka.

Kiongozi wetu alikuwa Susu Syokau. Susu kwetu ni nyanya. Huyo ndiye alikuwa anaanzisha wimbo wakati wa kuchimba, sisi tunaitikia. Hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Lakini ukimletea ujinga alikuwa anakuangalia tu mpaka unajirudi mwenyewe.

Vyondo vilikuwa vinanunuliwa na mama mmoja Mjerumani, Renate. Aliwahi kufundisha huku kwetu miaka ya nyuma, Kiswahili anakijua, na maneno ya Susu aliyazoea. Aliporudi kwao akafungua duka.

Sasa hapa ndipo tulifanya kosa.

Kila kyondo tulikuwa tunakifunga kakadi kadogo kenye jina la kundi na namba ya simu. Na simu hatukuwa nayo. Kwa hivyo tukaandika namba ya Mutiso, broker wetu, ambaye alikuwa na ofisi Nairobi. Tuliandika kwa mikono yetu wenyewe, mimi nikiwa wa kwanza, na mwandiko mzuri kabisa.

Mwanzo mambo yalienda sawa. Halafu Mutiso akaanza kusema ati wazungu wamechoka na vyondo. Akija anachukua vichache, mwishowe akaacha kuja. Tukaamini. Kwani tungemuuliza nani?

Siku moja pasta akaniita, kuna barua kwa sanduku la kanisa. Ilikuwa ya Renate. Nikaisoma mbele ya wamama wote nikitafsiri kwa Kikamba.

Ilikuwa barua ya pole. Mutiso alikuwa amemwambia kundi letu lilivunjika wakati wa ukame, na Susu Syokau hajiwezi, yuko kitandani. Renate alikuwa anauliza kama bado yuko hai. Akasema pia anashukuru kwa vyondo vya kundi lingine ambavyo Mutiso alikuwa anamtumia.

Susu alikuwa amekaa hapo hapo, anasokota katani kwa paja. Hakuacha kusokota. Aliniambia tu nirudie pale pa kitanda.

Wakuu, nilikasirika vibaya. Miaka miwili tunazikwa tukiwa hai, na anayetuzika ni mtu tuliyempikia chai.

Nikajibu siku hiyo hiyo. Jibu la Renate lilipofika lilikuwa gumu. Alisema amemtumia Mutiso nakala ya barua yangu, naye amedai ni watu wanataka kumharibia biashara. Yeye sasa hajui amwamini nani. Akataka atusikie kwa masikio yake, na tumpe namba ambayo yeye na wateja wake wanaweza kutupata wakati wowote. Bila hiyo, ataendelea na Mutiso.

Kwa huo wakati kanisa lilikuwa limeshawekewa simu. Lakini kupiga Kenya kutoka kwao ilikuwa ghali ya kuumiza, na laini ilikuwa inakatika kila mara.

Ndipo Mama Kioko, mmoja wetu, akamleta mtoto wake Kioko aliyekuwa anafanya kazi ya kompyuta Nairobi. Kioko akatueleza. Renate atapiga namba ya mji wake, ni kama anampigia jirani. Kompyuta ya huko itachukua ile sauti, iipitishe kwa internet mpaka kwa mashine yake Nairobi. Hiyo mashine nayo itapigia simu ya kanisa Kilungu.

Kukawa na kelele. Wengine walikuwa wamesikia kupitisha simu kwa internet ni kinyume cha sheria. Pasta alikuwa anajipangusa jasho, akasema simu ni ya Bwana na hataki ilale kituo cha polisi.

Sijui nani alimwambia Mutiso, lakini kwa mkutano wa pili alifika na mikate na soda. Akasema amesikitika sana kwa hayo mambo ya kutoelewana. Ofisi yake imeweka simu mpya ambayo inaweza kuelekeza simu nyingine. Tuache tu namba yake kwa kadi. Renate akipiga, secretary wake atatupitishia huku kanisani, na hatutasumbuka na mambo ya kompyuta.

Na wamama wakaanza kutingisha vichwa kukubali! Soda ilikuwa imefanya kazi yake. Nikasimama nikawauliza kama wamesahau ni nani alisema Susu hajiwezi. Nilisema na mengine ambayo pasta aliniomba niyafute.

Susu akainua mkono tukanyamaza. Akamuuliza Kioko swali moja.

“Kati yetu na Renate, nani anaweza kutukata?”

Kioko akakuna kichwa. “Mimi naweza, Susu. Mashine iko kwangu.”

Watu wakaguna. Nilitamani kumfinya huyo kijana. Susu akamgeukia Mutiso na swali lile lile. Mutiso akacheka, akasema hakuna mtu anaweza, hiyo ni mashine tu inafanya kazi yenyewe.

Susu akarudi kwa katani yake. Akasema tunaenda na Kioko. Amekubali anaweza kutukata, na shamba la mama yake tunalijua.

Tulicheka mpaka Mama Kioko mwenyewe akacheka. Kila mtu alielewa. Kioko akituchezea, mama yake atachimba matuta peke yake mpaka azeeke. Mutiso hana shamba kwa mwethya yetu, huyo ungemshika wapi?

Simu ikapangwa Jumamosi mchana. Tulijaa kwa ofisi ya kanisa, wengine dirishani. Mutiso pia alikuja, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

Ikalia. Nikashika mimi. Nikasema hello. Kimya. Nikasema tena, kumbe na yeye ameanza kuongea, sauti zikagongana. Ile sauti ilikuwa inachelewa njiani.

Na hapo nikaharibu kabisa. Kwetu kwa mwethya huwezi kuruka mtu kwa salamu. Kwa hivyo nikapitisha simu, mama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na salamu zake zote za Kikamba, anauliza za nyumbani na za ng'ombe, bila kungoja jibu. Upande ule Renate alikuwa anasikia tu makelele. Akakata.

“Hata salamu zimewashinda,” Mutiso akasema.

Na sisi hatukuwa na njia ya kumpigia. Tukangoja. Hakuna aliyekaa. Mimi nililia, sifichi.

Susu ndiye alijua kosa liko wapi. Alituambia tukichimba shamba refu, wale wa bondeni husikia wimbo kwa kuchelewa. Yeye huwa anaimba mstari wake halafu ananyamaza mpaka sauti ya bondeni irudi. Akasema sisi tumeimba wote kwa pamoja tukamfunika mwenzetu. Akaniambia nikiigusa hiyo simu tena ataniuma.

Ikalia mara ya pili.

“Ni Syokau,” akasema. Akanyamaza.

Sauti ya Renate ikaja. Susu alikuwa ameachanisha simu na sikio kidogo, walio karibu tukasikia. Alisema sauti inakuja vibaya, hawezi kujua ni nani anaongea. Akauliza kama Mutiso yuko hapo. Alitaka Mutiso athibitishe kama kweli huyu ni Syokau.

Ofisi nzima ikamgeukia Mutiso. Yeye alikuwa ameshafika mezani, mkono umenyooshwa, uso umetulia kabisa. Nilijua tumekwisha.

Susu hakumpa. Alingoja maneno ya Renate yaishe yote. Halafu akaongea polepole.

“Mutiso yuko hapa. Lakini kama ni yeye atakuambia mimi ni nani, basi endelea kununua kwake.”

Mimi nilidhani laini imekufa.

Halafu tukasikia mtu anacheka na kulia kwa pamoja huko Ujerumani. “Ni wewe,” Renate akasema. “Ni wewe kabisa.”

Mutiso akaangalia mkono wake, akauweka mfukoni, akatoka.

Nisiwadanganye. Hiyo huduma ilikuwa na siku zake mbaya, na ile ofisi ya Kioko ilifungwa baadaye. Lakini kwa huo muda tulikuwa tumejiandikia kadi mpya, na kwa zile kadi kulikuwa na ile namba ya mji wa Renate inayolia kanisani kwetu, si namba ya mwanaume yeyote.

Kwa mdau aliyeuliza: tumia, kama itakufikisha. Lakini mtu wa katikati apitishe sauti yako tu. Siku ataanza kukusemea, mtoe, hata kama unaogopa utapoteza kila kitu. Susu alikuwa anaogopa. Aliniambia mwenyewe tukirudi nyumbani.

Haya, uwanja ni wenu. Kama kuna mtu alishawahi kusema umekufa na uko hai, tuambie ulimfanya nini. Na wa kunibishia pia karibu, leo niko free siku nzima.